Nilimwiga Bibi Mbele ya Mchungaji

Sijui kama mimi ndiye mtu wa kuandika haya. Shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari, na daftari ninazojaza tangu nilipoanza kazi ya kutunza wazee zina mistari mingi iliyokatwa kuliko iliyobaki. Lakini ile karatasi iliyochapwa kwa ajili ya matanga ya bibi yangu bado imo katika nyumba za watu hapa Brussels, imebandikwa kwenye friji na kuwekwa ndani ya Biblia, na imeandikwa kwamba alikuwa "mama mpole, mtu wa ukimya, ambaye hakupandisha sauti maisha yake yote."

Bibi yangu. Hakupandisha sauti. Bon, basi na mimi niandike.

Kwanza, hatukumwita bibi. Kwetu Lubumbashi mzazi wa mzazi wako ni nkambo, awe mwanamume au mwanamke. Na yeye aliniita mbanda, yaani mke mwenza, kwa sababu kwa desturi yetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na kati ya mjukuu na nkambo hakuna heshima ile ya kuinamisha macho. Mnataniana mpaka mmoja afe. Babu alikuwa amekufa zamani, lakini kila asubuhi bibi aliniuliza hivi: "Mbanda, bwana yetu alipita kwako usiku? Kwangu hakufika." Nami nilitakiwa kumjibu kwamba ndiyo, alipita, na alisema bibi ananuka tumbako. Hapo alicheka mpaka akohoe. Siku nilipokosa jibu alinionea huruma, akasema babu aliniacha nilale kwa sababu sina faida.

Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi na akaolewa humohumo. Aliuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, mbele ya lango la kambi. Siku moja mlinzi alimwaga vyungu vyake viwili. Bibi alikwenda kukaa katikati ya barabara, mbele ya gari la mkubwa wa kambi, akanyoosha miguu kama mtu aliye kwake. Yeye alisema alikaa tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na mkubwa mwenyewe akashuka kumwomba. Mama mkubwa, binti yake wa kwanza, ambaye alikuwapo akiwa mtoto, anasema haikufika hata saa moja, na aliyeshuka ni dereva. Naandika habari zote mbili. Lakini hata mama mkubwa anakubali kwamba alikaa, na kwamba vyungu vililetwa vingine.

Babu alipopata mwanamke mwingine upande wa pili wa mji, bibi alivaa kitenge chake kizuri akaenda kumsalimia. Wakawa marafiki. Wiki nzima hakuna kati yao aliyempikia babu bukari, ugali wetu. Walikuwa wanapikiana wao. Babu alipokuwa hai alisema zilikuwa siku tatu tu. Sawa, tuseme tatu.

Mama yangu, binti yake wa pili, alikufa nikiwa mdogo, na bibi akanilea. Mama mkubwa alikuwa ameshaolewa huku Ubelgiji. Ni yeye aliyenileta mimi, kisha akamleta bibi, ambaye alikuwa amepita miaka sabini. Lazima niseme hili vizuri kwa sababu mbele nitamsema mama mkubwa: makaratasi ya kutuleta yalimla miaka. Alipanga foleni, alirudishwa, alipanga tena. Bila yeye bibi angezeeka peke yake, na mimi sijui ningekuwa wapi.

Tuliishi wote Forest, mtaa wa hapa Brussels, ghorofa ya pili, si mbali na kile kiwanda cha magari kilichofungwa. Watu walidhani mwanamke mzee kutoka Lubumbashi atakaa dirishani kuangalia mvua. Kufika mwezi wake wa pili alikuwa ameshajua basi la cinquante-quatre, namba hamsini na nne. Alishuka Ixelles, akaingia Galerie, lile jengo la maduka ya Waafrika, akakaa katika saluni ya mwanamke mmoja wa Likasi, kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na kutoka hapo alihukumu vichwa vya watu. Hakuwa na ruhusa, wala hakuna aliyethubutu kumtoa. Msusi akivuta nywele za mtoto kwa nguvu, bibi alisema, bila kugeuka, "Vuta pole, maman. Ile ni kichwa, haiko muhogo unang'oa." Wateja walicheka, na msusi alivuta pole. Baadaye nilisikia kuna waliokuja saluni ile siku za Jumatano kwa sababu tu bibi alikuwapo. Huyo ndiye mtu wa ukimya.

Alivuta tumbako ya pua, na alipiga chafya kanisani katikati ya mahubiri, chafya tatu, kila Jumapili. Mchungaji alijua. Alimwombea. Bibi alimshukuru sana na akaendelea kupiga chafya. Sisemi mchungaji ni mtu mbaya. Alikuja kumtazama hospitali mara nyingi kuliko ndugu wengine wa damu, na mara zote kwa miguu yake mwenyewe, hata siku za barafu.

Sasa nieleze desturi yenyewe, maana bila hiyo mtu hawezi kunielewa.

Kwetu, mtu mzee akifa, wajukuu ndio wenye ruhusa ya kuchekesha matangani. Mmoja huvaa nguo za marehemu. Hutembea kama yeye, husema kama yeye, huwatukana watu aliokuwa akiwatukana, huomba chakula alichokuwa akikipenda. Si dharau. Kisha inakuja sehemu ya maana: mtoto wa marehemu lazima amjibu, kama vile anamjibu mzazi wake. Akimjibu, basi marehemu amekuja kuaga na ameagwa. Asipomjibu, mjukuu anabaki amesimama pale na nguo za maiti mwilini, na aibu inakuwa yake, na wazee wanasema yule mtu hakuagwa, alitupwa tu. Bibi mwenyewe alimwiga bibi yake akiwa msichana. Alisema alipomaliza miguu ilikuwa inatetemeka.

Mwaka wa mwisho moyo wake ulipochoka, alinishika mkono siku moja nilipokuwa ninamvisha soksi. Hakuwa anatania, na ndiyo sababu niliogopa.

"Siku nitakufa, usilie tu sawa bantu ba mu télé. Uniige. Kama bajukulu habachekeshe matanga, ni mugeni njo alikufa."

Kwetu "sawa" ni "kama" na "njo" ni "ndiye": wajukuu wasipochekesha matanga, aliyekufa ni mgeni. Nikamwambia sijui kuiga. Ni kweli, sijui. Mimi hata kuomba mkate dukani nafanya mazoezi mlangoni kwanza. Akasema hajaniuliza kama ninajua.

Alikufa Jumanne mchana, kitandani mwake, mama mkubwa akiwa amemshika kichwa. Alhamisi tukakutana sebuleni kupanga: mchungaji, mama mkubwa na mume wake, wazee wawili wa kanisa, na mimi. Nilieleza ombi la bibi. Nilieleza vibaya, nikianza katikati.

Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho, hilo alinipa. Kisha akasema bibi alikuwa ameokoka na kubatizwa, na mambo ya kuvaa nguo za wafu ni mambo ya giza ambayo tuliyaacha, donc hatuwezi kuyavusha mpaka Ulaya ndani ya valizi, pamoja na nguo. Mama mkubwa aliongeza kwamba watu wa kazini kwake watakuja, Wabelgiji wa idara ya kufua nguo, na hataki Jumatatu aulizwe sisi ni watu wa namna gani. Alisema hayo akiwa amechoka. Miaka minne alikuwa amemwosha mama yake kila asubuhi kabla ya kwenda kuosha nguo za hospitali. Mikono yake ilikuwa imepasuka. Niliiangalia mikono ile, na alipoomba nimwahidi kwamba sitamwiga bibi, nikasema ndiyo, maman.

Hakuna aliyenilazimisha. Naliandika hili hapa ili kila mtu alione: nilisema ndiyo, na sikuwa nimemaanisha, na wakati ninasema nilijua.

Matanga yalikuwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kukodi karibu na reli, na tulipaswa kuondoka saa kumi na mbili jioni kwa ajili ya majirani. Watu walijaa. Wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi, hata wa Bukavu waliomfahamu kutoka Galerie. Wabelgiji watano wa kazini kwa mama mkubwa walikaa pamoja wakiwa wameshika maua. Mimi nilikuwa nyuma na sinia la vikombe. Mume wa mama mkubwa akasimama kusoma karatasi.

Ilisomwa kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili. Mama wa sala. Mama wa uvumilivu. Aliyemtii mume wake katika yote. Ambaye hakupandisha sauti maisha yake yote. Watu waliinamisha vichwa na kutikisa polepole, na nikaona jambo lililonitisha kuliko kifo chenyewe: walikuwa wanaanza kuamini. Watu waliokuwa wametukanwa naye kwa majina yao walikuwa wanaanza kuamini.

Yule msusi wa Likasi alikuwa amesimama kando yangu. Hakunitazama. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia ukumbi usio wake, "Ni nani banazika?"

Nikaweka sinia chini.

Ningependa kusema kwamba lilikuwa jambo la ghafla. Si kweli. Koti la bibi na kilemba chake vilikuwa katika mfuko wangu tangu asubuhi. Nilipovitia ndani nilijiambia kwamba ninavipeleka kwa mtu wa kuvigawa, na nilijua pia kwamba Jumamosi hakuna mtu wa kuvigawa.

Nilivaa chooni. Nilifunga kilemba na fundo mbele, alivyofunga yeye, kama pembe. Kwenye kioo nilijiona mimi tu, nimevaa koti kubwa. Nilijaribu sauti yake na haikuja. Karibu nivue. Kisha nikajaribu mwendo wake tu, ule wa kuweka mkono mmoja kiunoni na kutanguliza mguu wa kulia kana kwamba ndio wenye habari, na sauti ikafuata mwendo.

Nilipoingia, mchungaji alikuwa amesimama mbele anahubiri. Nilipita katikati ya viti mpaka karibu na picha ya bibi, nikapiga chafya tatu.

Ukumbi wote uligeuka. Papa mmoja, yaani baba mzee wa Lubumbashi, alitoa ile sauti ya kwetu ya chini, eee, na mke wake akamshika goti anyamaze.

"Mbona munalala?" nikasema. "Ni matanga ya nani, ya panya?"

Mtu mmoja alicheka na kujizuia. Nikamgeukia mchungaji.

"Pasteur, mahubiri yako ni murefu sawa reli ya Kamina. Hata Yesu anaangalia saa."

Hapo walicheka wengi zaidi, wengine mkono ukiwa mdomoni. Mchungaji hakukasirika, au hakuonyesha. Alifanya alichoona ni sawa: alianzisha wimbo. Wanawake wa kanisa waliudaka, na ukapanda juu yangu kama maji. Mmoja wa wale Wabelgiji alimwuliza jirani yake kama mimi ni mgonjwa na kama waite mtu.

Sasa nilikuwa pale aliposema bibi, nimesimama na nguo za maiti, na aliyetakiwa kunijibu alikuwa safu ya kwanza, mikono mapajani, anatazama ukuta. Wimbo ulikuwa na beti nyingi. Nilijua kwamba nikitoka sasa mchungaji atakuwa ameshinda, na karatasi itakuwa kweli, na yule mwanamke aliyekaa barabarani mbele ya gari atakuwa hajazaliwa kabisa. Sikutoka. Nilikwenda kusimama mbele ya mama mkubwa, karibu kabisa, na nikapandisha sauti. Nikapandisha jinsi bibi alivyopandisha, kutoka tumboni, mpaka wimbo ukakatika wenyewe.

"Na weye, mutoto yangu ya kwanza. Chumvi iko wapi? Miaka ine unanipikia majani sawa mbuzi. Kila asubuhi unaniosha sawa sahani, halafu unaniweka pa dirisha nikauke."

Hilo la sahani bibi alilisema kweli, mara nyingi, na lilimwuma mama mkubwa kila mara. Nilijua linamwuma. Nililichagua kwa sababu ni kweli na kwa sababu linauma, na sijui ni sababu ipi ilikuwa kubwa.

Akasimama. Ni mrefu kunipita. Nilidhani ananipiga, na watu wote walidhani hivyo, kwa maana mume wake alinyanyuka naye. Alinitazama usoni, kisha akatazama kilemba, lile fundo la mbele, na mdomo wake ukaanza kucheza.

"Ikala chini, maman. Unasumbua bantu."

Alisema kwa sauti yake ya kila siku, ile ya jikoni, ya mtu aliyechelewa kazini. Ukumbi ukalipuka. Papa wa Lubumbashi alipiga makofi akasema njo vile, njo vile. Lakini mama mkubwa alikuwa hajamaliza. Kilichokuwa kimezuiwa miaka minne kilikuwa kimepata mlango.

"Ile chumvi njo ilikuwa inakuua. Mara ngapi niliikuta mu kitambaa yako? Ukaniambia ni poudre ya uso. Na nilikuosha sawa sahani sababu ulikuwa unapiga mateke. Nani anaoshaka pole muntu wa mateke?"

"Mateke?" nikasema. "Weye njo ulianza, ukiwa mu tumbo."

Hilo bibi hakuwahi kulisema. Nilitafuta sana kichwani tangu siku ile, na sikumbuki kulisikia kwake. Lilinitoka tu, na sijui lilikuwa lake au langu. Mama mkubwa alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kicheko cha mama yake hasa, mpaka kukohoa. Kisha akaanza kulia akiwa bado anacheka, akanishika koti kwa mikono yote miwili, akasema chini chini, "Enda muzuri, maman. Enda muzuri." Na mimi, kwa kuwa aliyeagwa hatakiwi kujibu, nilinyamaza na kutoka nje, nikavua koti katika upepo wa reli, na miguu ilitetemeka kama alivyosema.

Ingekuwa vizuri kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Jioni ile mama mkubwa hakusema nami. Wala kesho yake. Aliniwekea chakula, akanifulia hata nguo za kazi, bila neno. Jumatatu kazini walimwuliza kweli. Mmoja alimwambia ilikuwa nzuri sana, kama tamthilia, na hilo lilimwudhi zaidi.

Baada ya siku kumi mchungaji alikuja nyumbani na wale wazee wawili. Alizungumza kwa upole. Alisema kanisa limegawanyika kwa ajili yangu, kwamba kuna vijana sasa wanauliza kama inaruhusiwa, na kwamba jambo litakwisha nikisimama Jumapili mbele ya watu na kuomba msamaha. Dakika mbili, alisema, si zaidi.

Nilikuwa nimeandika jibu kwenye karatasi usiku wa kuamkia siku ile, nilipojua wanakuja, maana najijua. Sikuisoma. Nilimwambia mama mkubwa kwanza, mbele yao, kwamba nilimwahidi na nikavunja ahadi, na kwa hilo naomba msamaha kwake, leo na siku yoyote atakayotaka. Nilimwambia mchungaji kwamba kwa lile la reli pia naomba msamaha, kwani alikuwa amefiwa kama sisi. Kisha nikasema mengine siombi. Nikasema karatasi ile ilimwua bibi mara ya pili na safari hii sisi wenyewe tulikuwa tumeshika kisu. Sauti yangu haikuwa nzuri. Ilipanda sana, na nikaiacha ipande.

Mzee mmoja alisema mimi ni mtoto wa kiburi. Labda. Sina namna ya kujua kutoka ndani.

Mchungaji akamgeukia mama mkubwa, akamwuliza yeye kama binti wa marehemu anasemaje.

Alisema nilimdanganya usoni, sebuleni hapa hapa, na kwamba hilo kati yangu na yeye halijaisha na asijidanganye mtu kwamba limeisha. Mchungaji alitikisa kichwa kukubali. Ndipo akasema:

"Lakini mimi nilimujibu, pasteur. Maman aliniita, nikamujibu. Muniombe mimi niseme sikumujibu?"

Hakuna aliyemwomba. Walimaliza chai, wakasali sala fupi, wakaenda.

Nimeandika maneno yake yote mawili kwa mpangilio aliouweka yeye, lile dhidi yangu kwanza. Bado hatujarudi kuwa kama zamani, na huenda tusirudi. Jumapili ile yeye alikwenda kanisani, akakaa mahali pake pa siku zote. Mimi sikwenda kusimama mbele ya mtu yeyote. Nilikuwa na zamu ya asubuhi. Nilikwenda kuwaosha wazee wangu.